Kusadikika siipendi, na mengine ya msomaji wa mwisho wa reli

Nianze na lile litakaloniletea maneno: Kusadikika siipendi. Najua Shaaban Robert ni nani katika lugha hii. Najua riwaya hiyo imekuwa mikononi mwa wasomaji tangu 1951, na najua kuna walimu wangu wa zamani ambao wakisoma sentensi yangu ya kwanza watavua miwani, waifute, waisome tena. Lakini mapenzi ya kitabu hayalazimishwi. Nchi iko angani. Waziri anaitwa Majivuno, mshitakiwa anaitwa Karama, na hapo kwangu kesi imeshakwisha, maana nimeambiwa nani nimpende na nani nimnunie kabla yeyote hajafungua kinywa. Kosa la Karama ni kutaka watu wafundishwe sheria. Anapewa nafasi ya kujitetea, naye siku baada ya siku anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kila upande, hadi juu na chini, wakarudi na mambo ya manufaa, wakaishia kifungoni. Mjumbe wa kwanza alinishika. Wa pili nilimfuata kwa heshima. Kufika wa nne nilikuwa nafunua mbele kuona zimebaki kurasa ngapi, kwa sababu mjumbe ni yuleyule, amebadilishiwa jina na njia tu.

Huwa naambiwa sikuelewa. Lile ni fumbo, mzee alikuwa anawasema watawala wa kikoloni kwa mbali. Nimeelewa. Ujasiri wake naukubali kwa mikono miwili. Ila ujasiri wa mwandishi ni jambo moja na utamu wa kitabu ni jambo jingine, na usiku umeme ukikatika, mimi na tochi ya simu, ninachotafuta ni hilo la pili.

Shaaban Robert ninayempenda yuko kwingine. Yuko katika Wasifu wa Siti binti Saad. Huyo mama alizaliwa Fumba, Unguja, akafinyanga na kutembeza vyungu, akahamia mjini, akaimba, na mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri. Alipopata jina, watu wakamtungia maneno ya kumcheka sura yake na asili yake, naye akawajibu kwa wimbo. Humo Shaaban Robert hana nafasi ya kumpachika mtu jina la tabia. Siti alikuwa mtu kweli, ana watu wanaomfahamu, na ikabidi aandikwe alivyo. Anamsifu, tena mahali pengine anazidisha, lakini sifa haziwezi kwenda mbali sana bila kugongana na vyungu, na wivu wa mjini, na mwanamke mwenyewe. Na katika Maisha Yangu, akifika kwenye kifo cha mkewe Amina, mahubiri yanamwishia kabisa. Anabaki mwanamume aliyefiwa. Kurasa hizo nimezisoma mara nyingi kuliko Kusadikika yote.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanikera kuliko linavyopaswa kumkera mtu mzima mwenye shughuli zake. Nina steshenari Mwanga, hapa Kigoma mjini. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nauza kalamu, madaftari na bahasha za kaki, na nyuma yangu kuna rafu moja ya vitabu. Mwanafunzi akiingia akasema, “Dada, nipatie Ngoswe,” nimeshazoea kutonyoosha mkono kwenye rafu. Hataki kitabu. Anataka uchambuzi: karatasi chache zilizobanwa stepla pembeni, nakala ya nakala ya nakala, wino umefifia mpaka “ujumbe” unasomeka “ujumbo”. Ndani kuna jina la mwandishi, muhtasari wa aya mbili, kisha mfululizo wa dhamira kuu, dhamira ndogondogo, migogoro, falsafa, msimamo, mbinu za kisanaa, na mwisho kabisa kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Hicho kipengele cha mwisho hunichekesha kila ninapokiona kikitoka kwenye mashine. Mtoto wa Kidato cha Nne ambaye tamthiliya yenyewe hajaifungua anaandika kwamba Edwin Semzaba amefaulu kwa kiasi kikubwa.

Simlaumu mtoto. Mtihani haumuulizi alicheka wapi. Unamuuliza jamii ya sasa inajifunza nini, hoja tatu kutoka kila kitabu, kwa vitabu viwili. Miaka minne ya namna hiyo inatosha kumfanya mtu aamini kwamba hadithi ni ganda, na kazi ya msomaji ni kulipasua atoe somo, ganda litupwe. Halafu anamaliza shule, hasomi tena, na sisi tunashangaa.

Na wanaoonewa zaidi na utaratibu huu ni vitabu vizuri. Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ni kichekesho. Karani wa sensa anatumwa kijijini kuhesabu watu, anafikia kwa Mzee Ngengemkeni Mitomingi, anamwona Mazoea binti wa mwenyeji wake, na kazi ya serikali inahamia huko. Anamtorosha binti, na karatasi za sensa zinaishia motoni. Siku moja mteja hakuna na mvua inanyesha, nilimsomea kwa sauti fundi cherehani tunayepakana naye kibaraza. Alisimamisha cherehani. Akacheka kwa kupiga paja, na nilipomaliza akauliza swali ambalo sijawahi kuliona kwenye uchambuzi wowote: “Sasa wale watu wa kijijini wamehesabiwa au hawakuhesabiwa?” Hiyo kwangu ndiyo alama ya juu kabisa. Mtu ana wasiwasi na wanakijiji wa kwenye karatasi.

Kuna kimoja kilichonivuruga hesabu zangu, nacho ni Takadini cha Ben Hanson. Kina somo tangu mwanzo hadi mwisho na nilikianza nikiwa nimeshajitayarisha kukichukia. Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino baada ya kungoja uzazi muda mrefu. Mila inataka mtoto asiishi. Mama anatoroka naye usiku. Hadithi ni ya Zimbabwe ya zamani, lakini mtu wa ukanda huu wa magharibi na wa Ziwa hawezi kuisoma kama habari ya mbali. Kwetu watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa, na kule Kabanga, Kasulu, watoto walikusanywa kituoni ili walindwe. Kwa hiyo somo silo lililonikera wala kunifurahisha. Nilichokipenda ni kwamba watu wa kijiji kilichompokea Sekai hawageuki wema kwa siku moja. Wanamtazama. Wanasema pembeni. Mzee Chivero anamchukua kijana taratibu, na wengine wanabaki na roho zao zilezile. Nimekaa na majirani wa kutosha kujua kwamba huo ndio mwendo wenyewe.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote ndicho kile ambacho kila niliyemwazima amekirudisha akiwa katikati. Ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Jina refu, kitabu kirefu, zaidi ya kurasa 600. Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kukichapa, na miaka ikapita ameketi na muswada ndani ya nyumba. Akakigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili. Tanzania Publishing House wakakitoa 1980, naye akafa mwaka uliofuata, mzee wa miaka themanini na ushee. Mwandishi wa namna hiyo unamtegemea awe na uchungu, au haraka. Hana kimoja kati ya hivyo.

Kisa chake unaweza kukieleza ukisubiri chenji dukani. Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana na hawana mtoto. Ndugu wa mume wanaanza maneno, wakwe wanamchukua binti yao warudi naye kwao, na mume anabaki na nyumba tupu. Anakwenda kuomba radhi, anatozwa mitungi ya pombe. Na hapo Kitereza anafanya kitu ambacho mhariri wa leo angekikata bila huruma: anaipika ile pombe. Ndizi zinakatwa, zinafukiwa mpaka ziive, zinakamuliwa kwa nyasi, maji yanapimwa, mtama unasagwa, inaachwa ichachuke, majirani wanaalikwa, mitungi inatafutwa na ya kuazima. Watu wa Kasulu na Kibondo, wanaoijua pombe ya ndizi, wangeweza kumsahihisha au kumpongeza. Kurasa na kurasa. Rafiki yangu mmoja, nesi, alinirudishia hapo hapo akasema, “Dada, humu hakuna kinachotokea.”

Kinachotokea ni kwamba mwanamume anamtaka mkewe. Hatamki. Utamaduni wake haumruhusu kusimama uwanjani kwa wakwe akalia mapenzi, na Kitereza anaiheshimu aibu hiyo, hamtoboi moyo ili sisi tuchungulie. Badala yake anatuonyesha mtu akihangaika na ndizi. Kila mtungi unaojaa, ndivyo unavyojua kiasi anachoumia. Mimi nilipofika siku ya kubeba mitungi kwenda ukweni nilikuwa na wasiwasi wa mmoja kupasuka njiani, wasiwasi wa kweli, tumbo limenikaza. Baadaye mganga Kibuguma anamtibu Bugonoka, na watoto wanapatikana. Kitereza mwenyewe na mkewe watoto walizaa, wakawazika. Hilo kitabuni halimo hata kwa kidokezo, na sina hakika ningelijua kabla ningekisoma kwa utulivu.

Sikisifu chote. Sehemu ya mwisho, watoto wakishakua, inalegea, na kuna misemo na mawaidha yanayokuja mfululizo kana kwamba mzee amekumbuka ghafla kwamba vijana wanasikiliza. Niliruka. Kitabu cha kurasa 600 kinamruhusu msomaji kuruka kidogo, na mwenye kitabu halali njaa.

Vya upelelezi nitavipita haraka, si kwa dharau. Nimekulia humo. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na kiko chake ananifurahisha kwa mazungumzo, hasa anavyomzungusha Najum, lakini mafumbo yake mara nyingi yanafumbuliwa kwa kugundua kwamba fulani alikuwa ndugu wa fulani tangu awali, na mara ya tatu unaanza kuhesabu ndugu kabla hujahesabu maiti. Willy Gamba wa Elvis Musiba ana kasi, na ana jambo analolipigania, ukombozi wa kusini mwa Afrika, ndiyo maana baba zetu walimpenda. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni wetu kwa namna ya pekee kwa kuwa Mtobwa ni mzaliwa wa mkoa huu, na nasema bila aibu kwamba namkadiria juu kwa sababu hiyo. Upendeleo upo. Hata hivyo Mtobwa bora kwangu yuko katika Dar es Salaam Usiku, ambako hakuna jasusi wa kuokoa mtu na mji wenyewe unatazamwa kwa jicho la aliyeujia kutoka mbali.

Kinachonichosha kwa wote hawa ni wanawake. Mwanamume akiingia mlangoni tunaambiwa ana wasiwasi, ana bastola, ana siri. Mwanamke akiingia tunaambiwa kiuno. Nuru wa Joram angalau ana akili na mwandishi anamwachia nafasi ya kuitumia, lakini hata yeye hafiki ukurasa wa pili kabla hatujapimiwa umbo lake. Wasomaji wa kike tupo, na tumekuwapo muda wote, tukisoma kwa kuruka mistari hiyo.

Hilo linanipeleka kwa Euphrase Kezilahabi, na hapa najua nagusa moto mwingine. Rosa Mistika, 1971. Sura za mwanzo hazina mfano wake: Zakaria mlevi anampiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana, na jinsi nyumba ile inavyonyamaza akirudi, mama Regina anavyokadiria hatua zake kabla ya kumkadiria maneno. Najua nyumba za namna hiyo, na sijaona aliyeziandika vizuri zaidi. Kisha Rosa anaondoka nyumbani kwenda shule na chuo, na kuanzia hapo namwona mwandishi amekwisha kumhukumu. Kila anapokwenda kuna mwanamume, kila mwanamume ni ngazi moja chini, hadi anapojiua. Wanaume wenyewe wanaendelea na safari zao. Wakubwa wa enzi zile walikizuia shuleni kwa sababu ya aibu. Mimi aibu sina. Ugomvi wangu ni kwamba Rosa anaadhibiwa mno, na kwa mpango, kana kwamba mwandishi alihitaji maiti ili hoja yake isimame.

Miaka mitatu baadaye mtu huyohuyo akaandika Kichwamaji, na yote niliyomnyima kwa Rosa nampa kwa Kazimoto. Kazimoto hapendeki. Ni msomi mwenye dharau, anamchukia Manase kwa alichomfanyia dada yake, anapanga kulipiza kwa Sabina, dada wa Manase, na anaishia kumuoa. Maneno anayo, busara hana, na anajua kwamba hana. Naye anajiua, lakini safari hii mwandishi hayuko juu yake akinyoosha kidole. Yuko naye mle ndani, amekwama vilevile. Ukimaliza hujui umlilie au umkasirikie, na hakuna karatasi ya stepla itakayokwambia. Nimejaribu kuiandika mimi mwenyewe kwa ajili ya wanafunzi wangu wa dukani, nikafika “falsafa ya mwandishi” nikafunga kompyuta.

Nagona yake sikuiweza. Ni kijitabu chembamba, wasomi wanakiheshimu, na kila nilipodhani nimekanyaga ardhi iligeuka ndoto. Tuendelee.

Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi nataka kuisemea jambo moja tu, maana wengi mmeisoma na wengine mmeiona filamu yake ya 2021. Kila mtu humzungumzia Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza mzee wa kumzaa akatoroka, na Denge mpigania uhuru anayempenda. Mimi namtaka Mwajuma. Mwajuma ana chumba chake, ana maisha yake, anapenda raha, na anampokea Yasmin asiye na pa kwenda bila kuuliza maswali ya kipolisi. Kwa mwandishi mwingine huyo angekuwa mfano mbaya. Kufika sura ya kumi angekuwa ameugua. Adam Shafi anamwacha acheke. Katika vitabu vyetu wanawake wa aina yake wanaolala salama hadi ukurasa wa mwisho ni wa kutafuta kwa tochi.

Nimefika kwenye kitabu ambacho nimeahirisha kukisemea kwa sababu sijui nikiweke upande gani.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Bibi mzaa mama alikuwa Mmanyema, kama wengi wa mtaa wetu, na akiulizwa wazee wake walifikaje upande huu wa ziwa alisema “walikuja”, akaendelea kuchambua dagaa. Mgeni akifika Ujiji anapelekwa makumbusho ya Livingstone, anaonyeshwa miembe, anasimuliwa jinsi Stanley alivyomkuta yule mzee Novemba 1871 na salamu yake iliyopata sifa dunia nzima. Watoto wetu salamu hiyo wanaikariri kwa Kiingereza. Hawaambiwi kwamba mfanyabiashara mmoja wa njia hiyohiyo, aliyekutana na Livingstone na Stanley wote wawili kwa nyakati tofauti, aliandika maisha yake mwenyewe, tena kwa Kiswahili. Ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Aliyaandika uzeeni kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayatia katika herufi za Kirumi na kuyachapisha mwaka 1902 na 1903. Mwenyewe akafa Unguja 1905.

Kilinifikia kwa njia ya kazi. Kijana wa chuo alileta fleshi nimchapie, karatasi zikawa zinatoka, nikaona neno Ujiji kwenye ukurasa, nikachukua uliofuata, kisha nikaagiza mashine itoe nakala ya pili.

Anaanza akiwa na miaka 12, anakwenda safari za karibu na ndugu zake, wanafanya biashara ya sandarusi. Baadaye baba yake, ambaye Tabora alikuwa ameoa Karunde binti wa Mtemi Fundikira, anamvuta bara. Kuanzia hapo hakuna kupumzika. Tabora, Ugala, Itabwa, Ujiji, Manyema: tukaenda, tukafika, wakatupiga, tukawapiga, tukapata pembe. Hana hata aya moja ya kueleza jua linavyozama ziwani. Kiswahili chake ni cha mtu anayezungumza na wenzake wa biashara, sentensi fupi, kavu, na zina nguvu ambayo waandishi wetu wengi waliofuata waliipoteza kwa kupenda mapambo.

Kuna mahali ambapo nilisimama nikaweka karatasi chini. Ng'ambo ya ziwa, huko Utetera, anasikia habari za mtawala mzee, Kasongo Rushie, ambaye zamani sana dada zake walitekwa vitani wasionekane tena. Tippu Tip anajitungia ukoo. Anadai bibi yake ni mmoja wa waliotekwa, kwa hiyo yeye ni damu yao, amerudi nyumbani. Mzee anasadiki. Anampokea na kumwachia nchi, pembe zikiwemo. Na haya hatukuyapata kwa adui yake wala kwa mpelelezi. Anatusimulia mwenyewe, bila kukonyeza, bila kujuta, kama mtu anayeeleza alivyopata bei nzuri. Sijasoma ukurasa mwingine wa Kiswahili unaomfunua mtu kwa ukamilifu ule.

Pembe anazitaja kwa frasila, na frasila ni kama kilo 16. Wanaozibeba hawana majina. Wanakufa, wanatoroka, wanaongezwa wengine, na msafara unaendelea. Nasoma nikimtafuta mama wa bibi yangu kati ya frasila na frasila. Namchukia aliyekiandika. Kitabu chake kimekaa kwenye droo ya meza ya kazi, karatasi zimeshaanza kukunjika pembe, na nikikosa wateja ndicho ninachokifungua.

Upande wa pili kuna Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha 1934. Nilikiendea kwa moyo mweupe. Huyu ni mtoto wa waliookolewa, mtu wa Freretown, Mombasa, ana kila haki ya kusikilizwa kuliko yule tajiri wa pembe. Na sikukipenda hata kidogo. Kila tunapokaribia kuwaona watu wake, waliotembezwa na kufungwa, inatokea meli ya Waingereza na shukrani zake, na watu wale wanabaki kuwa wa kuokolewa tu. Inaniuma kuandika hivi, kwamba mtu mbaya ameniachia kitabu kizuri na mtu mwema ameniachia kile ninachokirudisha rafuni. Sijapata njia ya kulisema kwa upole zaidi.

Ndiyo maana nilipopata Peponi, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel, nilikisoma nikiwa na Tippu Tip pembeni. Yusuf naye ana miaka 12. Yeye hasafiri kwa biashara. Anachukuliwa na mtu anayemwita mjomba, Aziz, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Anapelekwa bara na msafara, njia zile zile, na kwa mara ya kwanza nikaiona safari kwa macho ya mmoja wa wale ambao kwenye kitabu cha mwenzake hawatajwi. Aziz si shetani. Ni mpole, ananukia vizuri, anatoa sarafu kwa mtoto, na upole huo ndio unaotisha. Nikawa naona sasa nimekipata: mwandishi haniambii nimchukie nani.

Halafu mwisho. Samahani kwa ambao hamjakisoma, rukeni. Msafara umekwisha, kuna msichana anayempenda, kuna nyumba aliyozoea kutumwa, na Wajerumani wanapita na askari wao wakikamata watu. Wanaondoka bila kumwona. Yusuf yu salama. Anawakimbilia. Kitabu kinaishia hapo.

Mimi ambaye nimejaza kurasa zote hizi nikilalamikia waandishi wanaotushika mkono, safari hii nilitaka nishikwe, hata kwa kidole kimoja. Kwa nini anawakimbilia? Kaka yangu, ambaye riwaya haisomi mpaka aletewe, anasema ni wazi kabisa, Yusuf hakuwa na pa kwenda. Mimi nasema mtu aliyeona walichofanya wale askari hakimbilii kwao kwa kukosa pa kwenda. Angekimbilia hata porini. Yeye ananijibu kwamba sijawahi kuwa mvulana wa miaka kumi na saba. Mimi namjibu kwamba hilo si jibu. Nakala sasa anayo wifi, ambaye bado hajafika kwa Chatu, na ametukataza tusibishane mbele yake mpaka amalize.